Mliniandika au Hamkuniandika? Historia Fupi ya Muamala na Sevupointi



Makala haya yametokana na aibu. Mwaka jana, usiku wa karamu ya chama, sisi watatu tulikaa mlangoni kupokea wageni. Kazi yetu ilikuwa kuchukua kiingilio, kuandika jina la mgeni kwenye kompyuta na kumwonyesha meza yake. Programu tuliiandika wenyewe. Ilifungua muamala mmoja mwanzoni mwa usiku, na kila meza ilipojaa iliweka sevupointi, yaani alama ndani ya muamala ambayo kanzidata inaweza kuirudia. Sisi tuliielewa vingine. Tulidhani kwamba meza ikishawekewa sevupointi, majina yake yamehifadhiwa na hayapotei tena.

Tukiwa kwenye meza ya tano, kompyuta ikaishiwa chaji ikazima. Tulipoiwasha tulitarajia kukuta meza nne. Hatukukuta hata jina moja. Boksi la pesa lilikuwa limejaa, lakini pesa zile hazikuwa na wenyewe. Mama mmoja aliyekuja na wanawe watatu kutoka mji wa mbali alisikia minong'ono yetu, akatusogelea. "Wanangu," akasema, "mliniandika au hamkuniandika?" Tukamjibu, "Tulikuandika mama, ila..." Sentensi ile hatukuweza kuimaliza. Alikuwa amelipa, sisi tulimwona akilipa, na bado hatukuwa na kitu cha kumwonyesha.

Baada ya usiku ule tulijiuliza: kama sevupointi haihifadhi kitu, kwa nini iliwekwa? Nani aliihitaji, na kwa kazi gani? Tukaenda kusoma. Jibu lilitupitisha kwenye mashirika ya ndege, kwenye maabara moja ya California na, kwa mshangao wetu, kwenye harusi.

Tuanze na neno lenyewe. Muamala ni neno tulilolikuta nyumbani. Limetoka kwenye Kiarabu, na katika Kiswahili linataja shughuli au mapatano kati ya watu, hasa ya fedha. Wazazi wetu walilijua kabla ya kompyuta. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, na Vodacom ikafuata Tanzania mwaka 2008, watu wengi wakaanza kufanya miamala kwa simu. Anayetuma pesa husubiri ujumbe wa kumthibitishia kwamba zimekwenda. Hakuna anayetaka ujumbe wa kumwambia kwamba zimekwenda nusu.

Nusu hiyo ndiyo chanzo cha historia yote hii. Tuseme shangazi ana shilingi 5,000 katika akaunti yake, na anataka kumpa mpwa wake 2,000 katika benki ile ile. Kwetu hilo ni tendo moja. Kwa kanzidata ni mawili: kupunguza huku, na kuongeza kule. Umeme ukikatika baada ya tendo la kwanza na kabla ya la pili, shangazi amebaki na 3,000, mpwa hajapata kitu, na 2,000 haziko popote. Kwa hiyo mtu alipaswa kutafuta njia ya kuilazimisha mashine iyatende yote mawili au isitende hata moja.

Mashirika ya ndege ya Marekani yalikutana na matatizo ya aina hii mapema. American Airlines na IBM walijenga mfumo wa kuuza viti ulioitwa SABRE, ulioanza majaribio mwaka 1960 na kukamilika mwaka 1964. Makarani wa miji mbalimbali waliweza kuuza viti vya ndege ile ile kwa wakati mmoja. Kiti kimoja kikiuzwa mara mbili, au kikihesabiwa kimeuzwa wakati hakuna abiria aliyeandikwa, ni mtu mzima anayeachwa uwanjani na mizigo yake.

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala akipendekeza data zipangwe kwa mahusiano, ambayo sisi tunayaona kama majedwali ya safu na mistari. Katika miaka iliyofuata watafiti wa IBM wa mji huo huo walijenga mfumo wa majaribio wa kulithibitisha wazo hilo, wakauita System R. Lugha ya SQL, ambayo wengi wetu tunafundishwa darasani leo, ilizaliwa humo, kutokana na kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce.

Katika kundi hilo alikuwemo Jim Gray. Alizaliwa San Francisco mwaka 1944, na alipata shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha Berkeley mwaka 1969. Mwaka 1976 yeye pamoja na Kapali Eswaran, Raymond Lorie na Irving Traiger walichapisha makala iliyoueleza muamala kwa makini. Kwa maneno yetu wenyewe, walisema hivi: kanzidata ina masharti yake, kwa mfano kwamba jumla ya fedha isibadilike kwa kuhamishwa tu. Amri moja moja huweza kuyavunja masharti hayo kwa muda. Muamala ni kifungu cha amri ambacho kikianza masharti yakiwa yametimia, na kikaenda hadi mwisho, huyaacha yakiwa yametimia tena. Katikati mambo yanaweza kuwa vurugu, ila katikati si mahali pa kuishia.

Je, mashine iliyozima ghafla inajuaje ilikuwa wapi? Wazo lililokuja kutawala ni la daftari. Kabla badiliko halijaandikwa mahali pake pa kudumu, linaandikwa kwanza kwenye daftari la matukio: muamala fulani, mahali fulani, thamani ya zamani hii, thamani mpya hii. Muamala ukikamilika, daftarini unaandikwa mstari mmoja wa mwisho: umethibitishwa. Amri yake katika SQL ni COMMIT. Mtu akibadili nia, amri ni ROLLBACK, na sisi tunapenda kuiita kutangua, kwa sababu ndilo neno tunalolitumia kwa jambo lililokuwa limefungwa likafunguliwa.

Mashine ikizima na kuwaka tena, inalisoma daftari lake. Miamala yenye mstari wa uthibitisho inahakikishwa kwamba mabadiliko yake yote yapo. Isiyo na mstari huo inatanguliwa, tendo kwa tendo, kurudi nyuma hadi mwanzo wake. Tunaomba msomaji aikumbuke kanuni hii, kwa sababu ndiyo iliyofuta meza zetu nne.

Sasa tuje kwenye sevupointi. Mwaka huo huo wa 1976 watafiti wa System R walichapisha maelezo ya mfumo wao mzima. Humo kuna amri za kuanza na kumaliza muamala, na kati yake zimo mbili zaidi: SAVE na RESTORE. Mtumiaji aliweza kuweka alama katikati ya muamala kwa SAVE, kisha kwa RESTORE akarudi kwenye alama yoyote aliyoiweka, au mwanzo kabisa, ilimradi muamala wake ulikuwa bado uko wazi. Mabadiliko aliyoyafanya baada ya alama hiyo yalitanguliwa, na hata mahali alipokuwa amefika katika kusoma majedwali parudi palivyokuwa.

Maelezo hayo yanatuonyesha hitaji lenyewe. Muamala wa zote-au-hakuna ni mzuri kwa shangazi na mpwa wake, ambao wana matendo mawili tu. Lakini fikiria karani anayempangia msafiri njia kutoka Boston hadi London, kisha Nairobi, kisha Zanzibar, na hoteli mwishoni. Amepata viti vya ndege zote tatu, hoteli aliyoitaka imejaa. Bila sevupointi ana njia mbili: kutangua yote na kuanza upya, pengine akikuta kiti cha London kimeshachukuliwa, au kuandika programu yake ya kufuta kipande kimoja kimoja kwa mkono. Akiwa na sevupointi baada ya ndege ya tatu, anarudi hapo tu na kujaribu hoteli nyingine. Viti vyake bado anavishikilia.

Angalia vizuri kilichotokea. Karani amerudi nusu ya njia. Hajathibitisha nusu ya njia. Viti vile vitatu bado si vya msafiri hadi COMMIT itolewe, na umeme ukikatika sasa hivi vyote vinaachiliwa. Sevupointi ni ahadi kati ya programu na kanzidata wakati wote wawili wako hai. Mashine iliyoanguka na kuamka inatafuta daftarini mstari wa uthibitisho peke yake. Isipouona, idadi ya sevupointi ulizoweka haimhusu.

Mwaka 1981 Gray, ambaye wakati huo alikuwa amehamia kampuni ya Tandem, alitoa mada kuhusu dhana ya muamala katika mkutano uliofanyika Cannes, Ufaransa. Alisema kwamba dhana hii imetokana na sheria za mikataba, na mfano aliouchagua ni ndoa ya Kikristo. Bibi na bwana huzungumza kwa siku nyingi au hata miaka, kisha humtafuta mchungaji. Mchungaji huuliza kama kuna mwenye pingamizi, kisha humuuliza kila mmoja kama amekubali. Wote wawili wakikubali, anawatangaza kuwa mume na mke. Kabla ya hapo kulikuwa na mazungumzo tu.

Tuliposoma hapo tulicheka, kwa sababu mfano huo kwetu uko wazi zaidi. Mmoja wetu alishuhudia harusi ya dada yake Tanga. Kwanza ilipelekwa posa. Wazee wakakubaliana kuhusu mahari. Wakahamia kwenye tarehe, wakabishana: upande mmoja ulitaka kabla ya Ramadhani, mwingine baada ya Idi. Mzee mmoja akasema, "Jamani, mahari tulishayamaliza, tusiyarudie. Turudi hapo, tuanze tarehe upya." Ile ilikuwa sevupointi, na ya maana sana, kwa sababu bila hiyo wangerudi hadi kwenye posa. Lakini je, siku ile dada alikuwa ameolewa? Hata kidogo. Mahari yalikuwa yamekubaliwa, watu walikuwa wamekunywa chai, na angeweza kutokea wa kuvunja mazungumzo yote asubuhi. Ndoa ilifungwa siku ambayo walii alitamka, bwana harusi akajibu kwamba amekubali, na mashahidi wakasikia. Kosa letu la mlangoni lilikuwa sawa na la mtu anayemwita binti mke wa fulani kwa sababu mahari yamepangwa.

Katika mada ile ile Gray alieleza pia mipaka ya muamala. Alitaja miamala inayochukua muda mrefu, na miamala iliyo ndani ya miamala, na safari inayopangwa na wakala ilikuwa mojawapo ya mifano yake. Mwaka huo huo, J. Eliot Moss wa MIT alimaliza tasnifu yake kuhusu miamala yenye watoto. Katika mpango wake, muamala mtoto unaweza kushindwa peke yake bila kumwangusha mzazi. Lakini mtoto akifaulu, kufaulu kwake hakujawa kwa kudumu hadi mzazi naye afaulu. Hapa tena tunaona kanuni ile ile: kushindwa kunaweza kugawanywa, kuthibitisha hakugawanyiki.

Mwaka 1983 Wajerumani wawili, Theo Härder na Andreas Reuter, walizikusanya sifa za muamala katika neno ACID, ambalo kila mwanafunzi wa kanzidata hulikariri kabla ya mtihani. Herufi ya kwanza inasimamia kutogawanyika, na ya mwisho inasimamia kudumu. Sevupointi haigusi hata moja kati ya hizo mbili. Muamala wenye sevupointi kumi bado haugawanyiki ukitazamwa kutoka nje, na bado haudumu hadi uthibitishwe.

Ndani ya mashine, kurudi nusu kulileta taabu yake. Tuseme muamala unarudi kwenye sevupointi, na katikati ya kurudi umeme unakatika. Mashine ikiwaka itakuta daftarini matendo ambayo mengine yameshatanguliwa na mengine bado. Isipojua lipi ni lipi, inaweza kutangua jambo mara mbili, na kumrudishia shangazi fedha ambazo ameshazipata. Suluhisho lililopata sifa kubwa ni la C. Mohan, mzaliwa wa India, na wenzake wa IBM, walioliita ARIES na kulichapisha mwaka 1992. Kurudi nusu kumetajwa hadi katika kichwa cha makala yao. Kila tendo linapotanguliwa, kutangua kwenyewe nako kunaandikwa daftarini, pamoja na kuonyesha tendo linalofuata kutanguliwa. Hivyo mashine ikianguka hata mara kumi, haitangui tena kilichokwisha kutanguliwa. Mhasibu yeyote mzuri anaijua njia hii: hafuti mstari wa zamani, anaandika mstari mpya wa kusahihisha.

Kuingia katika sheria za lugha kulichukua muda mrefu zaidi. Kiwango cha kwanza cha SQL, cha mwaka 1986, kilikuwa na amri za kuthibitisha na kutangua muamala mzima. Amri ya SAVEPOINT iliingia katika kiwango cha mwaka 1999, miaka 23 baada ya ile SAVE ya System R. PostgreSQL, programu ya bure ambayo ndiyo tuliyoitumia mlangoni, iliipata katika toleo la 8.0 la Januari 2005. SQLite, ambayo imo katika simu nyingi mfukoni mwetu, iliipata Januari 2009.

Kwa watumiaji wa PostgreSQL ilikuwa nafuu kubwa. Katika mfumo huo amri moja ikikosea ndani ya muamala, muamala wote unakwama, na kanzidata inakataa amri zinazofuata hadi utangue. Sevupointi iliwapa watu njia ya kutangua amri iliyokosea peke yake na kuendelea. Nadhani hapo ndipo kosa letu lilipozaliwa, na si letu peke yetu. Neno lenyewe la Kiingereza lina maana ya kuhifadhi ndani yake. Mtoto aliyekua akicheza michezo ya kompyuta akilisikia, anafikiri kuhusu mahali pa kuhifadhi mchezo: ukizima na kuwasha, unaanzia pale ulipoachia. Sevupointi ya kanzidata haikuahidi hivyo kamwe. Wazee wa Tanga wangetufundisha vizuri zaidi kuliko michezo ile.

Jim Gray alipewa tuzo ya Turing ya mwaka 1998 kwa kazi yake ya kanzidata na miamala. Tarehe 28 Januari 2007 aliondoka San Francisco peke yake kwa mashua yake, Tenacious, kwenda kumwaga majivu ya mama yake baharini karibu na visiwa vya Farallon. Hakurudi. Walinzi wa pwani walimtafuta, na marafiki zake na watu wengi wa kujitolea wakapitia picha za setilaiti wakiitafuta mashua. Hakupatikana. Miezi miwili haikupita, M-Pesa ikaanza Kenya. Hatudai kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Tunasema tu kwamba kila ujumbe wa kuthibitisha pesa unaoingia kwenye simu ya nyanya zetu una deni kwa watu wa maabara ile ya San Jose.

Basi tungefanyaje mlangoni? Tulikaa na mwalimu wetu mmoja, tukachora upya. Mtu akitaka sehemu ya kazi idumu kabla kazi yote haijaisha, hana budi kuikata kazi iwe miamala kadhaa, kila mmoja na COMMIT yake. Meza moja ikijaa, inathibitishwa. Kompyuta ikizima kwenye meza ya tano, zile nne zipo. Bei yake ni kwamba meza iliyothibitishwa haitanguliwi tena kwa amri moja. Ukikuta kosa unalisahihisha kwa mstari mpya, kama mhasibu. Na sharti lingine ni kujua umefika meza ya ngapi, ili usiiandike meza mara mbili.

Sevupointi nayo tukaipa kazi yake halali, ndani ya meza. Kabla ya kila jina tunaweka alama. Jina likikataliwa, labda kwa sababu namba ya simu imeshaandikwa, tunarudi kwenye alama hiyo tu, tunamuuliza mgeni tena, na majina mengine ya meza yanabaki yakisubiri uthibitisho. Ni kurudi nusu kwa kosa la nusu, kama watu wa System R walivyokusudia.

Mwaka huu mhazini wetu alikubali programu mpya kwa sharti moja: pembeni yake liwepo daftari la karatasi na kalamu. Hatukubisha. Mama yule alikuja tena na wanawe. Tulimpa shikamoo, tukapokea kiingilio, tukaandika jina lake. Akasimama pale pale, akatutazama. Meza yake ilikuwa bado na viti viwili vitupu, kwa hiyo hatukumjibu haraka. Tulimwomba akae kitako kidogo. Wageni wawili walipofika na meza kujaa, tulithibitisha, tukausoma mstari kwenye skrini, ndipo tukamwambia, "Sasa tumekuandika, mama."